Pombe na Mchochota wa Ubongo Uzeeni

Mchochota wa ubongo unaotokana na pombe hutokea pale seli za kinga za ubongo, hasa maikroglia, zinapochokozwa na unywaji wa muda mrefu hadi zikaanza kudhuru seli za neva zinazopaswa kulindwa nazo. Kwa mzee, dhara la pombe haliongezeki kwa kujumlishwa na umri tu. Pombe huzikuta maikroglia zimeshakuwa nyepesi kuwaka kwa sababu ya uzee, nazo zikiwaka hutoa saitokini (kemikali za mchochota) nyingi kuliko za kijana na huchelewa kutulia. Aidha, mwili wa mzee una maji machache, hivyo glasi ileile humwachia kiwango kikubwa zaidi cha pombe katika damu.

Njia ya mchochota

Njia mojawapo huanzia tumboni: pombe hulegeza ukuta wa utumbo, sumu za bakteria hupenya hadi kwenye ini, na saitokini zinazozalishwa huko hufika ubongoni kwa njia ya damu. Ndani ya ubongo wenyewe, pombe huamsha kipokezi kiitwacho TLR4. Mwaka 2010 maabara ya Consuelo Guerri, jijini Valencia, Hispania, ilionyesha kuwa panya wasio na kipokezi hicho walikingika dhidi ya mchochota huo. Panya si binadamu, lakini mwaka 2008 Jun He na Fulton Crews wa Marekani walipochunguza ubongo wa marehemu waliokuwa walevi, walikuta kemikali ya mchochota, MCP-1, imezidi hata katika hipokampasi, kitovu cha kumbukumbu.

Hoja pinzani

Wapo wanaoulaumu upungufu wa thiamini (vitamini B1) peke yake kwa madhara ya ubongo wa walevi. Upungufu huo ni hatari kweli, ila nao huamsha maikroglia, kwa hiyo hoja hizi mbili hazipingani. Hoja nzito zaidi ni ya tafiti zilizoonyesha wanywaji wa kiasi wakipata dimenshia kidogo kuliko wasiokunywa kabisa. Kasoro yake ni kwamba miongoni mwa wasiokunywa wamo walioacha kwa sababu ya maradhi. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2017, uliofuatilia watu 550 kwa miaka 30, haukuona kinga yoyote kwa wanywaji wachache. Waliokunywa yuniti 14 hadi 21 kwa wiki (yuniti moja ni gramu 8 za alkoholi) walielekea zaidi kusinyaa hipokampasi. Utafiti huo ulipima kusinyaa, haukupima mchochota.

Msimamo wa sasa

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya.