Riziki ya Wapiga Mieleka wa Sumo

Wapiga mieleka wa sumo wa Japani, ambao leo hutazamwa kwa taadhima kubwa, walipata kuishi zama ambazo riziki yao ilishikwa na mkono wa kabaila mmoja, na mkono huo ulipoachia wakabaki hawana mlinzi. Mashindano ya mji wa Edo, ambao sasa ndio Tokyo, yalifanywa kwa idhini ya serikali ili kuchangisha fedha za mahekalu, na tangu 1833 yakawa na makao katika hekalu la Ekoin, mtaani Ryogoku. Lakini mabingwa hawakuishi kwa viingilio vya watazamaji, bali makabaila waliwaingiza katika watumishi wao, wakawakadiria posho na kuwaruhusu kuvaa panga viunoni, nao wakapigana kwa sharafu ya bwana. Raiden Tameemon, mtoto wa wakulima wa Shinano, alimtumikia kabaila wa Matsue, na kuanzia 1790 hata 1811 akashinda mara 254, akaangushwa mara 10 tu. Na ajabu ni kuwa jabari huyo hakupata kuvishwa kamba nyeupe ya yokozuna, cheo kilicho juu ya vyote.

Mwaka 1868 dola ya Shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani, ilianguka, na 1871 majimbo ya makabaila yakafutwa, posho zikaenda nayo. Wapenda usasa, waliotaka nchi yao istahiwe na Wazungu, waliona haya kuwa na watu wa kupigana nusu uchi, na ingawa mashungi ya nywele ya wapiga mieleka yalisalimika wakati wanaume wengine wakihimizwa kuyakata, kazi yenyewe ilikaribia kufa, mpaka 1884 Mfalme Meiji alipokuja kuitazama kwa macho yake, na heshima ikarejea. Mwaka 1909 likajengwa jumba la sumo la Kokugikan, hapo hapo Ryogoku.

Fedha sasa zilikuwa mikononi mwa chama cha mchezo, na hapo ndipo ulipozuka mgogoro ambao mimi nauhesabu kuwa mkubwa kuliko ushindi wowote wa uwanjani. Januari 1932 mpiga mieleka Tenryu Saburo na wenziwe walijitenga na chama hicho, wakidai hesabu za wazi, kiinua mgongo kwa wanaostaafu, na pato la kumtosha mpiga mieleka maishani. Wakayakata mashungi yao wenyewe, jambo ambalo kwa watu wa kazi ile ni sawa na kuapa kutorudi. Wengi, hata hivyo, walirudi mwaka uliofuata.

Mshahara wa mwezi ulianza 1957, nao hupewa madaraja mawili ya juu tu, watu kama 70. Vijana wa madaraja manne ya chini, ambao huamka alfajiri kufanya mazoezi, kisha wakapika, wakafagia na kuwahudumia wakubwa wao, hupewa chakula, malazi na bahashishi ndogo ya kila mashindano, lakini mshahara hawana. Dai la Tenryu limetimizwa nusu.