Tumbili Ndani ya Kompyuta

Oktoba 1983, kwenye ofisi za Apple kule California, kulikuwa na kompyuta iliyofanya kazi kama imepagawa. Menyu zilijifungua, madirisha yakarukaruka, maneno yasiyo na maana yakajiandika. Hakuna mtu aliyegusa kibodi wala kipanya. Aliyekuwa akibonyeza ni Monkey, yaani Tumbili, kaprogramu kalikoandikwa na Steve Capps.

Macintosh ya kwanza ilikuwa na memori ya kilobaiti 128 pekee. Picha moja ya simu yako haitoshei humo. MacWrite na MacPaint zilikuwa zinaimaliza karibu yote, na timu ilitaka kujua zitaanguka wapi. Binadamu akibonyeza ovyo kwa nusu saa anachoka, Tumbili hachoki. Shida ni kwamba hakukaa sana kabla ya kubonyeza Quit, na jaribio likaishia hapo. Bill Atkinson akaja na wazo: waweke alama kwenye mfumo, waiite MonkeyLives, ili programu ijue aliyeko kwa usukani ni Tumbili na imkatalie kutoka.

Mimi hiyo alama ndiyo hunivutia. Bila kuambiwa, programu haikuwa na njia ya kujua kidole ni cha nani. (Android bado ina chombo kinachoitwa monkey, pamoja na swali ambalo programu inaweza kuuliza: isUserAMonkey. Sitanii.)

Kwa Windows mambo yalikuwa wazi zaidi. Ukibonyeza herufi, mfumo huweka ujumbe kwenye foleni ya programu: WM_KEYDOWN. Lakini programu nyingine inaweza kutumia PostMessage kuweka ujumbe uleule, hata kama dirisha limejificha nyuma ya mengine kumi. Ni barua isiyo na jina la mtumaji. Watu wa ofisi walifurahia, maana kazi ya kuchosha ilijifanya yenyewe wao wakiendelea na mengine. Halafu 2002, mtafiti wa usalama Kristin Paget akaonyesha upande wa pili: programu isiyo na mamlaka ingeweza kutumia dirisha la antivairasi, yenye mamlaka yote, barua za aina hiyo, na kuiteka mashine nzima. Vista, iliyoingia madukani 2007, ikaweka ukuta: wa chini asimwandikie wa juu. Wa ngazi moja wanaandikiana hadi leo.

Sasa swali la kidole limehamia kwa mshahara. Mwaka 2024 benki ya Wells Fargo, Marekani, iliwafuta zaidi ya wafanyakazi kumi kwa kuigiza shughuli za kibodi. Na hapa Kenya, msee yeyote aliyelipwa kwa saa kupitia Upwork anajua programu inayohesabu mibonyezo na kupiga picha za skrini yake. Ukikaa dakika kumi ukifikiria sentensi moja, unaonekana haupo. Tumbili wa Capps angeonekana mfanyakazi bora wa mwezi.

Wengine hata programu hawatumii. Wanaweka kipanya juu ya kasahani kanakozunguka polepole, wanaenda kupika chai. Kipanya kinaona kinasonga, kinaripoti kwamba kinasonga, na hapo hakijadanganya.