Kemikali za Kunasa Salfa katika Shehena za Mafuta: Kazi na Mipaka Yake, na Tahadhari kwa Wananchi wa Kibondo na Kasulu

Dizeli inayouzwa katika vituo vya mafuta vya Kibondo na Kasulu huwa imesafiri zaidi ya kilomita 1,000 kutoka bandarini kabla ya kumfikia mwenye lori, mwenye trekta au mwenye mashine ya kusaga nafaka. Imepita katika tangi la meli, katika ghala la mafuta, katika lori la mafuta na hatimaye katika tangi lililofukiwa chini ya kituo. Katika kila hatua, juu ya mafuta hubaki nafasi iliyofungwa ambamo gesi huweza kukusanyika. Miongoni mwa gesi hizo, inayoua kwa haraka kuliko nyingine ni ile itokanayo na salfa, iitwayo haidrojeni salfaidi. Ipo kemikali maalumu ya kuinasa, lakini kazi ya kemikali hiyo haieleweki vizuri kwa wengi, na kutoielewa kunaweza kugharimu maisha.

Mkoani Kigoma neno mafuta humkumbusha mtu mawese kabla ya petroli. Yanayozungumziwa hapa ni mafuta ya petroli: mafuta ghafi, mafuta mazito ya meli na mitambo, dizeli, petroli na mafuta ya taa.

Salfa imo katika mafuta ghafi kwa asili yake, nayo huwamo kwa sura mbili zinazopaswa kutofautishwa. Sura ya kwanza ni salfa iliyofungamana na molekuli za mafuta yenyewe. Hiyo haionekani wala haivuki kuwa gesi; hujidhihirisha mafuta yanapoungua, kwa moshi unaodhuru mapafu na kwa tindikali inayokula vyuma vya injini. Sura ya pili ni haidrojeni salfaidi iliyoyeyuka ndani ya mafuta, ambayo hutoka yanapotikiswa, yanapopashwa joto au yanapopakiwa na kupakuliwa. Ya kwanza hudhuru polepole. Ya pili huweza kumwangusha mtu kwa pumzi chache.

Kemikali za kunasa salfa hushughulikia sura ya pili tu. Inayotumika zaidi ni triazini, ambayo hutengenezwa kutokana na formaldehaidi na amini. Molekuli moja ya triazini hukamata molekuli mbili za gesi na kuzigeuza kuwa kitu kingine kisichotoroka kwa urahisi. Nyingine ni gliokisali. Kemikali hizi huingizwa kwa kipimo, aghalabu ndani ya bomba wakati mafuta yanapakiwa, ili mtiririko wenyewe uyachanganye. Zikimwagwa juu ya tangi lililotulia, hubaki mahali zilipodondokea na gesi iliyo kwingine haiguswi. Hata zikichanganyika vizuri huhitaji muda, pengine saa nyingi, na katika mafuta mazito yaliyopoa huhitaji muda mrefu zaidi.

Viwango vya kimataifa vyenyewe huzitenganisha sura hizo mbili. Kiwango cha mafuta ya meli, ISO 8217, hakiruhusu zaidi ya miligramu 2 za haidrojeni salfaidi kwa kila kilo moja ya mafuta. Kwa upande wa salfa yote iliyomo, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Majini limeweka kikomo cha asilimia 0.50 tangu tarehe 1 Januari 2020, badala ya asilimia 3.50 ya awali. Kikomo cha kwanza kinaweza kufikiwa kwa kuongeza kemikali. Cha pili hakifikiwi kwa njia hiyo kamwe.

Hapa ndipo mnunuzi wa Kasulu anapoguswa. Mnamo Januari 2015 viwango vya pamoja vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vilianza kutaka dizeli isizidi miligramu 50 za salfa kwa kila kilo. Kiasi hicho hupatikana kiwandani, ambako mafuta hupitishwa pamoja na haidrojeni kwenye kichocheo, katika joto na mgandamizo mkubwa. Kiwanda cha TIPER kilichoko Kigamboni, kilichoanza mwaka 1966, kilikwisha kuacha kusafisha mafuta ghafi na sasa ni ghala. Kwa hiyo dizeli ya nchi nzima huagizwa ikiwa imekwisha kusafishwa, kupitia mfumo wa uagizaji wa pamoja unaosimamiwa na wakala wa Serikali, PBPA, nalo Shirika la Viwango Tanzania (TBS) hupima ubora wake. Mtu anayemwuzia mwenye lori chupa ya dawa akidai kwamba inapunguza salfa ya dizeli ndani ya tangi anauza ahadi isiyo na msingi wa kisayansi.

Vivyo hivyo, kemikali hizi zisichanganywe na vinasaba. Kinasaba ni alama inayowekwa katika mafuta ili ukaguzi ubaini yaliyochakachuliwa au yaliyokwepa kodi. Hakiondoi kitu chochote katika mafuta.

Kuondoa salfa kiholela kumekwisha kuleta maafa barani Afrika. Mwaka 2006 shehena ya petroli ghafi yenye salfa nyingi ilioshwa kwa magadi makali ndani ya meli iitwayo Probo Koala, badala ya kiwandani. Mabaki ya uoshaji huo yalipelekwa Abidjan, nchini Ivory Coast, na mwezi Agosti yakamwagwa usiku katika majalala na maeneo ya wazi ya jiji. Makumi ya maelfu ya watu walikimbilia matibabu kwa kichefuchefu, kutokwa damu puani na shida ya kupumua, na mamlaka za nchi hiyo zilihesabu vifo visivyopungua 15. Salfa iliyotolewa katika mafuta haikutoweka. Ilihamia kwenye taka, na taka zikawafikia wasiojua lolote kuhusu meli hiyo.

Triazini nayo ina madhara yake. Ni kali kwa ngozi na macho, na huweza kutoa formaldehaidi, ambayo imethibitika kusababisha saratani. Gliokisali ina uchachu unaokula chuma. Kuzidisha kipimo si tahadhari ya ziada, kwani amini zinazobaki katika mafuta ghafi huunda chumvi zinazotoboa mitambo ya kiwanda. Anayezishika anapaswa kuvaa glavu zisizopenyeza kemikali, miwani inayoziba macho pande zote, aproni na buti za mpira, na kuwa na maji ya kutosha karibu. Ikimwingia machoni, aoshe kwa maji safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15 kisha awahi kituo cha afya, akiwa na karatasi ya taarifa za usalama ya kemikali hiyo. Karatasi hiyo ni haki ya mfanyakazi, naye aisome kabla ya kufungua pipa.

Kuhusu gesi yenyewe, jambo la kwanza la kujua ni kwamba pua si kipimo. Katika kiasi kidogo sana haidrojeni salfaidi hunuka kama yai bovu. Inapofikia takriban sehemu 100 katika kila sehemu milioni moja za hewa, hulemaza uwezo wa kunusa, na mtu hudhani hatari imepita wakati ndiyo kwanza imeanza. Katika sehemu 700 hadi 1,000 huzimia mara moja, na kifo hufuata asipoondolewa. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hutuama mashimoni na chini ya matangi. Gesi hiyohiyo imo kwa asili katika maji ya kina ya Ziwa Tanganyika yasiyo na oksijeni, na hujitokeza katika mashimo ya maji taka.

Je, inaweza kuwamo kituoni Kibondo, ilhali dizeli imesafishwa? Inaweza, kwa njia nyingine. Mvua za nyanda za juu za Kigoma, zinazoanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, hupenyeza maji katika tangi ambalo mfuniko wake haukazi. Maji hutuama chini ya mafuta, na humo huota bakteria wanaotengeneza haidrojeni salfaidi. Tiba yake si kemikali ya kunasa salfa, bali ni kuyaondoa maji. Msimamizi apime mara kwa mara kwa fimbo iliyopakwa dawa inayobadilika rangi ikigusa maji, na kazi ya kuyavuta ifanywe kwa pampu kutoka juu.

Mtu asiingie ndani ya tangi la kituo au la lori, hata likiwa tupu, kabla hewa haijabadilishwa na kupimwa kwa kipima gesi, na pasipo mwenzake aliyebaki nje akiwa na kamba na kifaa cha kupumulia. Hasara kubwa katika ajali za namna hii huwa mwokoaji: mmoja huanguka, wa pili humfuata kwa huruma bila kinga, nao wote wawili hubaki humo. Onyo hili linawahusu pia wanaotunza matangi ya mafuta ya pampu za maji na ya majenereta. Wilaya za Kasulu na Kibondo ziliunganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2022, lakini majenereta ya akiba yangalipo.

Kisheria, anayeingiza, kuhifadhi, kusafirisha au kuuza kemikali hizi anapaswa kusajiliwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, chini ya Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani Na. 3 ya mwaka 2003. Usalama wa wafanyakazi husimamiwa na OSHA chini ya Sheria Na. 5 ya mwaka huohuo, na biashara ya mafuta na EWURA. Mwananchi anayetilia shaka mafuta aliyouziwa atunze risiti, asiyamwage, na atoe taarifa EWURA mapema akitaja kituo, siku na saa.

Mwisho ni vyombo vitupu. Madumu na mapipa ya plastiki yana thamani katika kaya, kwa maji, kwa mawese na kwa pombe ya kienyeji. Pipa lililobeba triazini au gliokisali halifai kwa lolote kati ya hayo, hata likioshwa mara ngapi. Litobolewe na kurejeshwa kwa msambazaji aliyesajiliwa, wala lisichomwe moto.