Na shule je?

Kila kijana wa Dar anayepiga muziki amewahi kuulizwa swali hili na mjomba, shangazi au baba mwenye nyumba: "Na shule je?" Linaulizwa kana kwamba gitaa na daftari haviwezi kulala chumba kimoja. Na wapiga besi ndio wanaobanwa zaidi. Mwimbaji angalau anaonekana kwenye runinga. Mpiga besi anasimama nyuma, pembeni ya ngoma, na shangazi wala hajui anafanya nini pale.

Mimi siyo mwanamuziki. Ni mwandishi wa gazeti tu, mwenye shahada yangu moja na mshahara unaokata pumzi tarehe kumi na tano. Lakini kazi imenikalisha sana nyuma ya majukwaa, na wapiga besi wakati wa mapumziko nimewasikia wakipiga soga. Mada zao ni mbili: vyombo vya zamani na visirani vya safarini. Usiku ukiwa mkubwa inakuja ya tatu: nani aliacha chuo na nani alirudi. Nikaamua kufuatilia historia ya hilo gitaa lenyewe, na nilichokuta ni kwamba besi na vyuo vina undugu wa muda mrefu.

Tuanze na Leo Fender wa Fullerton, California. Huyu bwana alisomea uhasibu chuoni, akaishia kuwa fundi redio, akafungua duka lake la ufundi mwaka 1938. Gitaa hakujua kulipiga mpaka anaingia kaburini. Lakini aliona tatizo la wapiga besi wa zama zile: walibeba lile besi kubwa la kusimama, refu kumzidi mtu, na bendi ikipaza sauti hawasikiki. Mwaka 1951 akatoa besi la umeme la kuning'iniza shingoni, lenye vipau vya chuma vinavyokuonyesha noti ilipo bila kubahatisha. Ndiyo maana akaliita Precision, yaani usahihi. Mawazo ya mhasibu kabisa hayo!

Sasa hamia Liverpool, Uingereza. Stuart Sutcliffe alikuwa mwanafunzi wa chuo cha sanaa pamoja na John Lennon. Mchoro wake mmoja ukanunuliwa kwa pauni 65, rafiki zake wakamshawishi zile pesa azimalizie kwenye besi la Höfner ili aingie kwenye bendi yao, ambayo baadaye tuliijua kama The Beatles. Kupiga hakujua vizuri. Mwaka 1961 wakiwa Hamburg, Ujerumani, Sutcliffe aliacha bendi akarudi kwenye uchoraji, akajiunga na chuo cha sanaa cha hapo hapo Hamburg. Aprili 1962 alifariki akiwa na miaka 21 tu, bendi ikiwa bado haijatoa wimbo wake wa kwanza mkubwa.

Nafasi yake ikachukuliwa na Paul McCartney, ambaye alinunua Höfner yake pale pale Hamburg kwa takribani pauni 30. Aliichagua kwa sababu ilikuwa rahisi, na kwa kuwa umbo lake ni sawa pande zote mbili, mtu wa mkono wa kushoto kama yeye haonekani ameshika gitaa kichwa chini. Besi hilo liliibwa kwenye gari jijini London mwaka 1972. Lilipatikana zaidi ya miaka hamsini baadaye, na Februari 2024 ikatangazwa kwamba limerudi kwa mwenyewe. (Wapiga besi wangu wanaipenda hadithi hii kuliko zote. Kila mmoja ana chombo chake kilichopotea Ubungo anachokisubiri mpaka leo.)

Kwa hiyo mpiga besi maarufu kuliko wote duniani alishika besi kwa sababu mwenzake alichagua chuo.

Hapa kuna jambo ambalo naona tunalipita haraka tunapozisimulia bendi za Uingereza. Tunapenda kusema wale vijana waliasi shule. Mbona wengi walikuwa wanafunzi? Sheria ya elimu ya mwaka 1962 ilizilazimisha halmashauri kule kuwalipia ada na posho vijana waliopata nafasi ya shahada ya kwanza. Posho, siyo mkopo. Ukiwa na chumba, chakula na ukumbi wa chuo wa kufanyia mazoezi Ijumaa usiku, hata ukiunda bendi mbovu una muda wa kuitengeneza. Wengi waliitengeneza hivyo hivyo, wakipigiana kwenye mabweni.

Mfano mzuri kuliko yote una mkono wa kwetu. Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja mwaka 1946, familia ikaondoka baada ya mapinduzi ya 1964, na London akasomea usanifu wa michoro katika chuo cha Ealing. Ndiye Freddie Mercury wa bendi ya Queen. Mpiga gitaa, Brian May, alikuwa anatafuta udaktari wa falsafa katika fizikia ya anga pale Imperial College. Mpiga ngoma, Roger Taylor, alianza na udaktari wa meno. Walichokosa ni besi. Wapiga besi watatu walipita na kuondoka, kisha mapema 1971 akaja kijana mkimya aitwaye John Deacon, mzaliwa wa Agosti 1951, mwaka ule ule Fender alioleta besi lake sokoni.

Deacon alikuwa anasoma elektroniki katika Chelsea College. Mwaka huo huo wa 1971 alihitimu daraja la kwanza, na akapanda jukwaani na Queen kwa mara ya kwanza tarehe 2 Julai. Bendi yenyewe haikumpokea kwa heshima ya msomi: kwenye albamu yao ya kwanza, 1973, jina lake liliandikwa kinyume, "Deacon John". Mwaka 1974 wakaenda Marekani kufungua maonyesho ya Mott the Hoople, May akaugua homa ya ini, ziara ikafia njiani.

Lakini ile shahada haikukaa kabatini. Miaka hiyo ya mwanzo Deacon aliokota bodi ya saketi iliyotupwa kwenye pipa la takataka mtaani London. Mafundi wa baadaye waligundua ilitoka kwenye redio ndogo ya transista. Akaifunga ndani ya boksi la spika kuukuu, akaipa betri ya volti 9. Haina kitufe cha sauti, haina cha kurekebisha chochote. May alipochomeka gitaa lake, ikatoka sauti nene tamu kama ya vinanda vya upepo. Sikiliza "Good Company" ya 1975: lile kundi zima la tarumbeta unalolisikia ni gitaa moja, likipita kwenye redio ya jalalani, mara nyingi juu ya nyingine. Na huyo huyo mtu wa waya ndiye aliyetunga "Another One Bites the Dust", besi tupu, iliyoshika namba moja Marekani Oktoba 1980.

Kwetu mambo yalikwenda njia nyingine. Muda wa mwanamuziki ulilipwa na mwajiri. NUTA Jazz ya 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Mlimani Park ilianza 1978 chini ya kampuni ya umma ya usafiri. Mshahara ulikuwepo, ila vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Mpiga besi akihama anaacha besi na amplifaya, anaondoka na vidole vyake. Sasa fundi gani atafungua amplifaya ya ofisi ajaribu kuibadilisha sauti? Na mwanafunzi wa leo anapokea bumu lake kutoka Bodi ya Mikopo akijua ni deni. Muda wa kuunda bendi mbovu hana. Kwa hiyo shangazi anapouliza "Na shule je?", mimi nadhani swali lingeelekezwa pia kwa wanaolipia shule.

May alirudi chuo. Baada ya kuiweka kando tasnifu yake mwaka 1974, aliimalizia na kutunukiwa udaktari mwaka 2007, akiwa na miaka 60. Deacon naye alijiondoa kabisa kwenye muziki mwaka 1997, miaka sita baada ya Freddie kufariki, na hata Queen walipoingizwa kwenye jumba la heshima la rock kule Marekani mwaka 2001 hakutokea. Kile kiboksi chake mafundi walikifungua, wakakipima kipande kwa kipande, wakatengeneza nakala za kuuza.