Mzee Benjamin Mkapa: mwandishi aliyeandika pia kosa la upande wake



Leo katika mazungumzo yetu ya amani tunamkumbuka mtu ambaye hakuzaliwa kwetu, lakini alama ya mkono wake imo katika historia yetu. Ni Mzee Benjamin William Mkapa wa Tanzania. Wengi wanamjua kama rais wa zamani. Wachache wanakumbuka kwamba, kabla ya kuwa rais, alikuwa mwandishi wa habari, na kwamba kazi aliyoifanya katika uzee wake ilimfikisha mpaka kwenye vita vyetu vya Kivu ya Kaskazini.

Alizaliwa tarehe 12 Novemba 1938 katika kijiji cha Lupaso, wilaya ya Masasi, kusini mwa Tanzania. Jina hilo la Masasi liko karibu sana na Masisi yetu. Alisoma chuo kikuu cha Makerere, Uganda, akamaliza mwaka 1962, kisha akaanza kuitumikia serikali. Mwaka 1966 alipewa kuongoza magazeti ya chama cha TANU, The Nationalist na Uhuru. Mwaka 1972 akawa mhariri wa Daily News, gazeti la serikali. Mwaka 1974 akawa mwandishi wa habari wa Rais Nyerere, na mwaka 1976 akaanzisha shirika la habari la Tanzania, lililoitwa Shihata.

Tuseme ukweli: magazeti yale yalikuwa ya chama na ya serikali. Hayakuwa huru kama tunavyotaka magazeti yawe. Lakini kazi ya mhariri, hata pale, inamfundisha mtu mambo mawili. Kwanza, neno likishachapwa halirudi tena, basi lipimwe kabla. Pili, habari ya upande mmoja haijawa habari bado.

Baada ya hapo alikuwa balozi, alikuwa waziri wa mambo ya nje, alikuwa waziri wa habari. Mwaka 1995 raia walimchagua kuwa rais, katika uchaguzi mkuu wa kwanza tangu vyama vingi vya siasa viliporudishwa. Neno lake kubwa lilikuwa «Ukweli na Uwazi». Alipoingia madarakani alitangaza mali yake mbele ya watu. Mwaka 2005, muda wake ulipokwisha kadiri ya sheria, alitoka.

Mtu aliyekwisha kuwa rais angeweza kukaa nyumbani apumzike. Mzee Mkapa hakupumzika. Mwanzoni mwa mwaka 2008, Wakenya walipokuwa wakiuana kwa sababu ya uchaguzi, alikaa nao pamoja na Kofi Annan na Mama Graça Machel, mpaka mapatano ya tarehe 28 Februari. Na mwisho wa mwaka huohuo, zamu ikafika ya kwetu.

Mnakumbuka Oktoba 2008. Wapiganaji wa CNDP walichukua Rutshuru, wakafika karibu ya Goma. Watu wa Masisi na wa Rutshuru walibeba magodoro na watoto, wakajaza njia na kambi. Ndipo Umoja wa Mataifa ulipomtuma Rais wa zamani wa Nigeria, Olusegun Obasanjo. Umoja wa Afrika pamoja na nchi za Maziwa Makuu zikamtuma Mzee Mkapa. Wazee hao wawili waliketisha serikali yetu na CNDP huko Nairobi, kuanzia Desemba 2008. Mazungumzo yalikuwa magumu. Katika Januari 2009 Kinshasa na Kigali walipatana kando, Laurent Nkunda akakamatwa Rwanda, na mambo yakageuka haraka. Mwishowe, tarehe 23 Machi 2009, mapatano yalitiwa sahihi mjini Goma.

Ndugu wasikilizaji, tarehe hiyo mnaijua vizuri. Mwaka 2012 sehemu ya wapiganaji waliokuwa CNDP waliasi jeshi, wakasema mapatano hayakutimizwa, wakajiita M23, kwa maana ya Machi 23. Hivi jina la siku ya amani likageuka kuwa jina la vita. Vita hivyo vilizimwa mwaka 2013, vikawaka tena mwisho wa mwaka 2021, na mwanzoni mwa mwaka 2025 vilifika Masisi-centre, vikachukua Goma, na katika Machi 2025 vikaingia mpaka Walikale-centre.

Basi mtu atauliza: kazi ya Mzee Mkapa ilikuwa bure? Kabla ya kujibu, tusome karatasi yenyewe, kwa maana wengi wanaitaja bila kuisoma. Ilisema CNDP iwe chama cha siasa. Ilisema wapiganaji waingie katika jeshi na polisi ya taifa. Ilisema wakimbizi warudi kwao. Tena ilisema ziundwe kamati za upatanisho katika vijiji vyetu, ili watu wa pande zote wakae pamoja, waamue mambo ya mashamba na mambo ya ujirani. Na sheria ya msamaha ya tarehe 7 Mei 2009, iliyofuata mapatano hayo, ilisamehe uasi na makosa ya vita ya kawaida. Haikusamehe makosa makubwa yanayokatazwa na sheria za dunia: mauaji ya kimbari, mauaji ya raia, kubaka wakati wa vita. Ni kusema, sheria yenyewe ilijua kwamba kuna mambo ambayo sahihi haiwezi kuyafuta.

Vyeo vya jeshi viligawanywa upesi. Kamati za upatanisho zilikwenda polepole na bila njia za kutosha. Hapo ndipo amani ilipotoboka. Wakubwa walipatana juu ya vyeo. Majirani hawakupata nafasi ya kuambiana ukweli.

Na ukweli wetu ni mzito, kwa sababu kila mmoja anaanza kuhesabu siku iliyomuumiza yeye. Kuna anayeanza na mwaka 1937, wakoloni Wabelgiji walipoanza kuleta jamaa kutoka Rwanda na kuwagawia mashamba ya Masisi. Kuna anayeanza na sheria ya mwaka 1981, iliyomnyang'anya uraia. Kuna anayeanza na soko la Ntoto, katika Walikale, tarehe 20 Machi 1993. Siku ile watu wenye kuitwa Banyarwanda waliuawa sokoni. Na katika wiki zilizofuata Wahunde, Wanyanga na wengine wakauawa pia, vijiji vikachomwa, maelfu wakafa, na zaidi ya watu 200,000 wakahama. Kuna anayeanza na Mokoto, Mei 1996. Kuna anayeanza na Luvungi, mwaka 2010, ambapo zaidi ya watu 300 walibakwa kwa siku nne.

Hakuna tarehe ya uongo katika hizo. Uongo unaingia pale mtu anapotaja tarehe moja na kuficha nyingine. Wahenga walisema: nyani haoni kundule. Kila upande unajua kwa majina watu wake waliouawa. Ni wangapi wanaojua majina ya wale waliouawa na watu wa upande wao?

Hapa ndipo nataka tujifunze kwa Mzee Mkapa. Katika Januari 2001, akiwa rais, polisi walipiga risasi waandamanaji huko Pemba na Unguja, katika Zanzibar. Watu zaidi ya 30 waliuawa, na wengine karibu 2,000 walikimbilia Kenya. Nchi iliyokuwa imezoea kupokea wakimbizi wa wengine ilitoa wakimbizi wake. Aliunda tume ya uchunguzi, na Oktoba mwaka ule vyama viwili vilitia sahihi muafaka. Baadaye, mwaka 2019, akiwa mzee wa miaka 81, alitoa kitabu cha maisha yake. Angeweza kuruka jambo hilo. Hakuliruka. Aliandika kwamba mauaji yale yalikuwa doa katika utawala wake.

Maneno hayo hayakufufua mtu hata mmoja. Na yalichelewa miaka mingi. Wajane wa Pemba wana haki ya kusema hivyo. Lakini tujiulize, katika Maziwa Makuu haya, ni viongozi wangapi waliowahi kuandika kosa la utawala wao wenyewe? Wengi huandika makosa ya maadui. Mhariri yule wa zamani alijua kwamba hesabu isiyotaja deni la mwenye kuiandika si hesabu.

Mzee Mkapa alifariki Dar es Salaam tarehe 24 Julai 2020, akazikwa kwao Lupaso. Namna nzuri ya kumheshimu ni kuimaliza ile sehemu ya karatasi ya Goma iliyobaki nyuma. Kwa hiyo kazi ya wiki hii ni moja. Katika barza, katika kanisa, katika msikiti, katika kikundi cha wamama au cha vijana, kila upande uandike jambo moja ambalo watu wake waliwatendea wengine. Si kwa kumshitaki mtu kwa jina. Hiyo ni kazi ya mahakama. Ni kwa kusema: jambo hili lilitendeka, na sisi tunalijua. Upande mwingine usikilize bila kukata neno, kisha useme la kwao.

Mficha maradhi, kifo humuumbua.