Sainasi ya Craddock

Mara ya kwanza penisilini kutumiwa kumtibu binadamu, kwa rekodi tulizo nazo, haikupewa askari aliyepigwa risasi. Ilimiminwa puani. Ilikuwa tarehe 9 Januari 1929, hospitali ya St Mary's, London. Alexander Fleming alichukua maji aliyoyachuja kutoka kwa ukungu wake na kuyaingiza kwenye sainasi ya msaidizi wake, daktari kijana aitwaye Stuart Craddock. Jamaa alikuwa amesumbuka. Kama umewahi kuinama kufunga kamba za viatu ukahisi shavu linataka kupasuka, unaelewa kwa nini alikubali.

Haikumponya.

Ama tuseme ilifanya kazi nusu. Fleming alipima kamasi la Craddock kabla ya dawa, akalipima tena saa chache baadaye. Bakteria waitwao stafilokokasi walikuwa wamekaribia kuisha. Lakini mle ndani mlikuwa na wengine, wakiitwa bakteria wa Pfeiffer siku hizo (leo ni Haemophilus influenzae), na hao penisilini haikuwaweza. Craddock akabaki na sainasi yake.

Fleming mwenyewe hakuwa mgeni wa mambo ya pua. Mwaka wa 1921, akiwa na mafua, aliweka kamasi lake juu ya bakteria maabarani akaona wanayeyuka. Hivyo ndivyo alivyogundua lisozimu, kinga iliyomo kwenye machozi na makamasi yetu sote. (Ni kazi chafu kidogo, sayansi.)

Sasa, ile hadithi ya shuleni hurukia mbali hapa. Tunaambiwa ukungu uliangukia sahani mwaka wa 1928, Fleming akaona, dunia ikapona. Lakini kati ya sahani ile na dawa ya kweli kuna zaidi ya miaka kumi, na St Mary's waliitumia penisilini kwa kazi ambayo wengi wetu hatujawahi kuisikia: kupalilia. Ukitaka kuotesha bakteria wa Pfeiffer kutoka kooni mwa mtu, bakteria wengine huwafunika kama magugu. Tia penisilini, magugu yanakufa, Pfeiffer anabaki peke yake. Kichwa cha makala ya Fleming ya 1929 kinaitaja kazi hiyo waziwazi. Yaani udhaifu uliomwangusha Craddock ndio uliogeuzwa kuwa faida. Na walimtaka Pfeiffer kwa ajili ya chanjo, kwa sababu wengi waliamini yeye ndiye huleta influenza. Mwaka wa 1933 ikajulikana kumbe ni virusi.

Timu ya Oxford, akina Florey, Chain na Heatley, ndiyo iliyoifanya penisilini kuwa dawa, kuanzia 1940. Mwaka wa 1945 Fleming akapokea Nobel pamoja na Florey na Chain, na katika hotuba yake akasimulia kisa cha kubuni cha Bwana X. Koo linamuuma, anajinunulia penisilini, anameza kidogo tu. Bakteria hawafi, wanazoea. Anamwambukiza mkewe, mkewe anapata nimonia, dawa inagonga mwamba, mama wa watu anafariki. Hiyo ni 1945, kabla hata dawa yenyewe haijaenea huku kwetu.

Mbio zikaendelea. Ampisilini ilikuja 1961, nayo iliweza kumgusa Haemophilus. Kufikia 1974 zilikuwa zimeripotiwa aina zake zinazoivunjavunja. Mwaka wa 1981 Waingereza wakaanza kuuza amoksisilini iliyochanganywa na kizuizi cha uvunjaji huo. Ndiyo ile Augmentin inayokumaliza mfuko.

Na bado sainasi nyingi huanza na virusi, ambavyo hakuna antibiotiki inayovigusa hata kidogo. Mwaka wa 2012 madaktari wa St. Louis, Marekani, walichapisha jaribio la watu wazima 166 waliokuwa na dalili zote za sainasi ya bakteria. Nusu walipewa amoksisilini kwa siku 10, nusu vidonge visivyo na dawa. Siku ya tatu hapakuwa na tofauti ya maana. Siku ya saba wa dawa walikuwa mbele kidogo. Siku ya kumi, sawa tena.

Hiyo haimaanishi dawa hazina kazi. Ukipitisha siku kumi bila nafuu, au upate nafuu kisha uzidiwe tena, daktari ana sababu ya kuziandika. Na jicho likianza kuvimba, usingoje kesho, kimbia hospitali.

Lakini si unajua vile hufanyika mtaani. Siku ya pili ya mafua mtu anafika duka la dawa, anaomba Amoxil ya pesa aliyo nayo, vidonge sita vinakatwa kwa mkasi, anatia mfukoni. Sheria inataka karatasi ya daktari, na hakuna anayeiuliza. Mafua yanaisha Alhamisi, kama ambavyo yangeisha tu, na sifa zote zinaenda kwa vidonge. Craddock angalau alipimwa kamasi mara mbili.