Lugha Yetu: Dobi ni mtu, si mahali

Siku hizi nasikia watu wakisema "nguo ziko dobi" au "wamefungua dobi mpya mtaani", kana kwamba dobi ni jengo. Sivyo. Dobi ni mtu, wingi wake madobi, na nguo hupelekwa kwa dobi. Neno tumelipata kwa Wahindi: dhobi kwa Kihindi ni mtu afuaye nguo kwa ujira, kutokana na kitenzi dhona, yaani kuosha. Anayetaka kuiona kazi yenyewe asimame darajani karibu na stesheni ya Mahalaxmi, jijini Mumbai, atazame chini. Hapo ndipo Dhobi Ghat: safu za mabirika ya saruji, kila moja na jiwe lake, na mashuka ya hoteli na hospitali yakipigwa jiweni kabla ya kuanikwa kambani. Nguo hutiwa alama ndogo ili isipotee. Mahali ni ghat. Dhobi ni yule aliyesimama ndani ya maji.

Tusimchanganye pia na mfuaji. Mfuaji ni yeyote afuaye, hata nguo zake mwenyewe. Dobi ni fundi anayefua, kutia wanga na kupiga pasi kwa malipo. Wala tusiseme dobi "anaosha" nguo. Vyombo huoshwa, nguo hufuliwa, na kufua asili yake ni kupiga, kama mhunzi afuavyo chuma. Jengo lenye mashine tuliite mahali pa kufulia nguo. Jina la dobi tumwachie mwenye kazi yake.